Miaka Niliyomwekea Baba

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo, na paa la ofisi ya fedha limeanza kuvuja palepale lilipovujia mwaka jana, juu ya meza yangu. Nimesogeza meza, nimeweka ndoo, nimemtukana fundi wa paa kimoyomoyo. Ndipo nikaitwa.

Mkuu wetu wa fedha tunamwita Miwani kwa sababu ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na nusu ya siku huitafuta hiyo ya kwenye paji. Leo hakutafuta kitu. Amesema benki haitaongeza muda wa mkopo mpaka ionyeshwe thamani ya haki ya kila tulicho nacho na kila tunachodaiwa. Si bei tuliyonunulia zamani. Wanataka bei ambayo kitu kingeuzwa sokoni tarehe thelathini na moja mwezi huu, kati ya muuzaji asiyekimbizwa na mnunuzi asiyelazimishwa. Mashine za kusokotea nyuzi, kiwanja, maghala, magari, kota.

"Na kota?" nikauliza.

"Na kota. Na wewe ndiye utakayesimamia."

"Mkuu, baba yangu anakaa kota. Namba sita."

"Najua. Nimeshawaandikia wakaguzi hilo, walijue mapema. Lakini nani mwingine ataiweza kazi hii? Yule wa mishahara?"

Yule wa mishahara alikuwa nyuma yangu, anasikia. Alipiga mhuri karatasi ambayo nadhani haikuhitaji mhuri.

Kota ni nyumba kumi na moja zilizopangana nyuma ya kiwanda. Aliyemaliza miaka thelathini kiwandani alipewa moja aishi bure hadi mwisho wa maisha yake. Ndiyo ahadi, na imeandikwa. Baba alikuwa fundi wa mashine, akamaliza thelathini na mitatu. Mama alifia kwenye nyumba hiyo. Benki ikikataa, kiwanda kinafungwa mvua hizi zikiisha, na ahadi ya kiwanda kilichofungwa sijui nani ataitimiza. Kwa hiyo kazi yangu ni kutafuta thamani ya kutosha. Nimeingiwa na hofu, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nimegombana na muuza daftari kwa sababu ya daftari hili hili.

Jumatano, Machi 5

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumamosi, Machi 8

Nimekwenda kwa baba. Nimemkuta kitandani kajilaza, macho darini, anasikiliza kiwanda kupitia ukutani kama watu wengine wanavyosikiliza redio.

"Mashine namba saba inalia," akasema. "Hawajaipa mafuta."

"Umestaafu, baba. Ilie."

Kikohozi chake ni kilekile cha wazee wote wa ukumbini, cha vumbi la pamba, ila safari hii kinakwenda mbali zaidi kabla ya kurudi. Nimemuuliza kama amekwenda zahanati. Amesema amekwenda, wamempa dawa, chai iko wapi.

Nikiwa naosha vyombo nimemwambia kuna mtu atakuja kuthaminisha kota.

"Kuthaminisha ndiyo nini? Kupima?"

"Kutafuta bei yake."

"Na thamani ikiwa kubwa ndiyo benki inakubali?"

"Ndiyo."

"Na nyumba ikionekana nzuri, thamani inapanda. Au siyo?"

Nikasema ndiyo, kwa kawaida inapanda. Nilikuwa nasugua sufuria, sikufikiria.

Jumatano, Machi 12

Mthamini amekuja. Mwanamume mrefu mwenye koti la mvua na gurudumu dogo kwenye fimbo, analisukuma mbele yake linahesabu mita. Hana maneno. Nimempitisha ukumbini kwa desturi yetu: kila mashine tukishaiona, naichora alama ya chaki ubavuni ili isihesabiwe mara mbili. Kwenye kila alama yangu yeye aliandika namba yake. Nilidhani ni bei. Kumbe ni uzito. Mashine hizi hazina soko tena, hakuna anayezinunua kwa ajili ya kusokota, kwa hiyo bei yake ni ya chuma chakavu kwa kilo. Namba saba ilikuwa inalia kweli.

Kota hakuingia hata moja. Alisukuma gurudumu lake nje, kwenye matope, akazunguka safu nzima, akasimama mwisho akitazama barabara kuu. Jirani wa baba, ambaye si ndugu yetu lakini tangu nizaliwe namwita shangazi, alitoka na kikombe cha chai na sahani juu yake kuzuia mvua.

"Karibu chai, mwanangu. Ingia basi uone na jikoni, nimesafisha."

"Nimekunywa, mama. Ahsante."

Hakumtazama usoni. Nilimchukia hapohapo.

Kwenye gari nilimuuliza atathaminije nyumba bila kuingia ndani.

"Mimi sithamini nyumba, dada. Nathamini mahali." Akafuta kioo kwa kiganja. "Kanuni inasema kiwanja kipimwe kwa matumizi bora kabisa ambayo mnunuzi angeyaona, hata kama nyinyi mnakitumia vingine. Barabara ile pale. Mnunuzi yeyote mwenye akili atajenga maghala ya mizigo. Kota kwake ni kifusi cha kuondoa."

"Kwa hiyo thamani yake ni sifuri?"

"Chini ya sifuri. Kuna gharama ya kuvunja na kubeba."

Ameshuka getini bila kuaga, au pengine aliaga nami sikusikia.

Jumamosi, Machi 15

Leo sijui niandikeje.

Nimefika kota mvua ikiwa imepumzika kidogo, nikakuta safu nzima ni nyeupe. Wazee wamechanga, wamenunua chokaa, wamepaka. Shangazi ameziba ufa wa ukuta wake kwa saruji aliyoomba kwa mafundi wa barabara. Mzee wa namba mbili, ambaye hawezi kuinua mkono wa kulia, alikuwa anapaka sehemu ya chini akiwa amekaa kwenye ndoo. Na baba yuko juu ya stuli, brashi mkononi, chokaa mpaka kwenye nyusi, anakohoa na kupaka.

"Shika stuli hapo, inayumba," akaniambia. "Nimewaambia wote. Tumsaidie mtoto. Akija tena yule wa gurudumu, aone watu wanaokaa vizuri."

Nilishika stuli. Shangazi alipita na ndoo yake akanitania, eti mheshimiwa wa ofisini leo kawa kibarua, akacheka na mimi nikacheka. Nilikuwa na jibu mdomoni: kwamba wangezipaka dhahabu, kwenye karatasi zangu zingebaki kuwa gharama ya tingatinga. Nililimeza. Nani angeweza kulisema, mbele ya mzee aliyekaa juu ya ndoo? Nilishika stuli mpaka mikono ikafa ganzi, nikarudi mjini kwa miguu kwa sababu sikutaka kukaa na watu kwenye basi.

Jumatatu, Machi 17

Upande unaopigwa na mvua chokaa yote imeoshwa. Baba amepaka tena.

Alhamisi, Machi 20

Thamani ya kiwanja imefika kutoka kwa mthamini. Ni kubwa. Ni kubwa hata nikadhani amekosea sifuri. Lakini ni namba ya kiwanja kitupu, na chetu si kitupu. Kina watu kumi na mmoja wenye ahadi.

Hapo ndipo penye kazi yangu. Ahadi nayo ni deni, na deni la namna hii linapimwa kwa kuuliza: mtu mwingine angetaka alipwe kiasi gani ili akubali kulibeba? Naye, kabla ya kutaja bei, angeuliza swali moja tu. Hawa wazee wataishi miaka mingapi?

Miwani ameleta jedwali la kawaida linalotumiwa na makampuni ya bima. Linampa baba, mwenye miaka sitini na minane, kumi na mmoja mingine. Nikafurahi kama mtoto. Nikaweka miaka ya jedwali kwa wote kumi na mmoja, nikapata deni, nikalitoa kwenye thamani ya kiwanja, na ikashuka chini ya kile benki wanachotaka. Haikushuka sana. Inatosha tu kufunga kiwanda.

Miwani alisimama nyuma yangu akisoma. Akashusha miwani ya kwenye paji, akaivaa juu ya ile nyingine.

"Hili jedwali ni la watu wote," akasema. "Hawa si watu wote. Hawa wamevuta vumbi miaka thelathini. Una orodha ya waliokufa kota hizi?"

Ninayo. Kila anapokufa mmoja mimi ndiye ninayeandika nyumba ipewe anayefuata. Hakuna aliyeishi hata miaka saba zaidi ya umri alio nao baba sasa.

"Mkuu, nikitumia hiyo nitakuwa nawazika."

"Utakuwa unapima." Hakusema kwa ukali. "Kila unachokijua kinaingia kwenye hesabu. Ukiacha nje kitu unachokijua, hata kwa huruma, hicho si kipimo tena. Ni barua ya mapenzi."

Nilimwona ana roho ya jiwe. Lakini nilijua pia alichokuwa hasemi: kwamba miaka ikiwa michache, deni linakuwa dogo, thamani ya kiwanja inabaki kubwa, benki inakubali, kiwanda kinaendelea, na baba anabaki namba sita. Kumwokolea nyumba yake ilinibidi nimkatie maisha, kwenye karatasi tu. Karatasi haiui mtu, nikajiambia.

Nikafanya mmoja mmoja. Mzee wa namba mbili, mitatu. Shangazi, ambaye alifanya kazi jikoni mwa kiwanda na hakuvuta vumbi sana, tisa. Wa namba tisa, mmoja. Baba nilimwacha wa mwisho. Nilikaa na namba yake muda mrefu, kalamu mkononi, nikimsikia anavyokohoa. Kisha nikaandika minne.

Jumatatu, Machi 24

Mvua. Sikwenda kwa baba wikiendi. Nimemdanganya nina mafua.

Jumatatu, Machi 31

Siku ya kipimo yenyewe. Imepita kama siku nyingine. Ndoo, chai, umeme kukatika. Jumla imevuka kiwango cha benki. Miwani amenunua soda kwa ofisi nzima, na yule wa mishahara amenipongeza kwa mkono wenye majimaji.

Kuna kichekesho nacho. Hatifungani zetu, yaani deni tulilokopa kwa umma, zimeshuka bei sokoni kwa sababu watu hawatuamini tena. Na kwa kuwa deni nalo tunalipima kwa bei ya leo, limepungua, na tofauti inaandikwa kuwa faida.

"Faida ya nini?" akauliza wa mishahara.

"Ya kutoaminika," Miwani akamjibu. "Tukizidi kuoza tutakuwa matajiri."

Tumecheka mpaka machozi. Nilikuwa na furaha, lazima niseme ukweli. Sikuwahi kuwa na furaha kiasi hicho tangu mvua zianze.

Jumatano, Aprili 9

Benki imekubali! Nimekimbia kota na mwavuli uliopinduka. Shangazi kapiga vigelegele hadi mashine zikasikia.

"Si nilikuambia," baba akasema, akipiga ukuta kwa kiganja. "Chokaa hiyo."

"Chokaa imesaidia sana, baba."

Amebaki na alama nyeupe kiganjani, akanishika nayo begani.

Jumatano, Aprili 16

Wenye hisa wamekutana leo juu, kwenye chumba kile chenye zulia. Miwani aliitwa saa nne. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikaanza tena. Alitoka mchana, miwani zote mbili zikiwa mkononi, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua, mzee kuliko nilivyodhani. Alikuja akaketi kwenye meza yangu, pembeni ya ndoo.

"Wamesoma ukurasa wako," akasema.

"Upi?"

"Wa kiwanja. Yule mwenye hisa nyingi kuliko wote kauliza: kiwanda kifanye kazi miaka mingapi ndipo kipate pesa za kufikia namba hii? Nikamwambia ukweli. Nikamwambia mwaka huo sitaufika mimi, wala yeye. Akausoma tena ukurasa. Halafu akauliza, sasa tunasokota nyuzi kwa nini?"

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini? Kuna watu mia mbili na kitu wanakula hapa. Nikasema hivyo. Akaniuliza, hao wako ukurasa wa ngapi."

Hawako ukurasa wowote. Nimeutengeneza mimi, najua.

Wanauza. Mnunuzi ni kampuni ya maghala, kama alivyosema mthamini. Ile namba niliyoitafuta usiku na mchana ili kiwanda kiishi, ndiyo iliyowaonyesha kwamba kikifa kina faida zaidi. Hawakuwa wanajua. Miaka yote kiwanja kilikaa vitabuni kwa bei ya zamani ya kuchekesha na hakuna aliyekitazama mara mbili, na baba na wenzake walilala salama chini ya bei hiyo. Mimi ndiye niliyewasha taa.

Nimenawa uso. Nimerudi kumalizia hesabu za mwezi kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Alhamisi, Aprili 17

Nimempigia simu mthamini. Nilitaka kumtukana. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi nilipima tu, dada. Sikuuza," akasema.

"Ungeingia ndani hata mara moja! Ungekunywa chai ya watu!"

Mvua ilikuwa inanyesha na kwake, niliisikia.

"Ningekunywa ile chai, ningeandika namba ileile," akasema. "Ila nisingeweza kuimeza. Kazi hii nimeifanya sana. Nikishaona safu ya nyumba na barabara kuu, najua. Ndiyo maana siingii."

Nilimwomba radhi kwa maneno yangu. Akasema amezoea.

Ijumaa, Mei 2

Wazee wameitwa kwenye ukumbi wa chakula. Mnunuzi anataka kiwanja kitupu mwisho wa mwezi, kwa hiyo ahadi inalipwa yote kwa mkupuo: kodi ya nyumba ya mwezi, mara miezi kumi na miwili, mara miaka. Ni namba zangu. Zile nilizoziandika nikijiambia karatasi haiui mtu.

Nilidhani Miwani atatuma karani. Alikuja mwenyewe, amevaa suti, akasimama mbele yao na kusoma yote bila kuficha maneno. Akagawa bahasha kwa mkono wake, mmoja mmoja, akisema pole. Nami nilisimama ukutani.

Mwanzoni palikuwa na minong'ono tu. Halafu shangazi, ambaye haogopi mtu, akauliza kwa sauti mbona pesa zake ni nyingi kuliko za jirani wakati nyumba zinalingana. Mzee wa namba mbili akasema labda kwa kuwa wewe ni mwanamke. Wakaanza kulinganisha. Mmoja wao aliwahi kuwa msimamizi wa zamu, akachukua kalamu, akagawa pesa za kila mtu kwa kodi ya mwaka. Niliona alipoelewa. Kalamu ilisimama.

"Hii ni miaka," akasema. "Wametuandikia miaka ya kuishi. Mimi mitano. Wewe mitatu. Huyu mama tisa."

Shangazi alianza kucheka, eti tisa, nitawazika wote nyinyi. Akakata kicheko katikati kwa sababu yule wa namba tisa alikuwa ameshika bahasha yake kwa mikono miwili, na kila mtu alikuwa ameshaona ilivyo nyembamba.

"Nani kaandika haya?" akauliza msimamizi.

Nilifungua mdomo. Miwani akaniwahi.

"Mimi," akasema. "Hesabu ni yangu. Mtu mwingine hakuhusika. Mwenye la kusema anikute mimi."

Wamemsema. Mzee wa namba mbili kamwambia Mungu anamwona. Alisimama akapokea yote, na wala hakujifuta jasho. Mtu huyu nilimwita roho ya jiwe katika daftari hili.

Baba hakufungua bahasha. Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, Mei 12

Mnunuzi ameshusha bei. Anajua wenye hisa wameshatangaza, anajua lazima wauze. Thamani ya haki ni ya muuzaji asiyekimbizwa, na sasa wanakimbizwa. Hata namba yenyewe, kumbe, haikuwa kweli kwa zaidi ya wiki chache. Ukumbi wote umepewa barua za kuachishwa. Na mimi, na wa mishahara, na Miwani. Tumemwaga unga wote siku moja, kwa usawa kabisa.

Jumatano, Mei 14

Mvua ndogo. Paa halivuji tena, au limechoka.

Ijumaa, Mei 23

Leo mashine zimezimwa. Zilizimwa moja moja, na ya mwisho ilikuwa namba saba, inalia vilevile. Kisha kimya kile.

Shangazi anasema baba hajalala. Anakaa kitandani anasubiri.

Jumamosi, Mei 31

Nimekodi pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, safari moja imetosha. Kitanda, meza, sufuria, sanduku la zana, picha ya mama. Atakaa kwangu, chumba changu nimempa yeye, mimi nitalala sebuleni. Shangazi ameshaondoka jana kwa mwanawe. Tulilia wote wawili kama tuliofiwa, na yeye akanitania hata kwenye kilio, eti ana miaka tisa ya kunisumbua kwa simu.

Nilirudi ndani kumtafuta baba nikamkuta nyuma, upande wa mvua, na ndoo ya chokaa iliyobaki. Anapaka.

"Baba, Jumatatu wanavunja."

"Najua."

"Sasa?"

"Nilijua tangu alipokataa chai yule. Mtu anayekuja kuona nyumba anaingia ndani." Akachovya brashi. "Wenzangu walikuwa na furaha ya kupaka, ningewaambia nini? Na mimi sikutaka mama yako avunjiwe nyumba chafu."

Nilichukua kitambaa nikasaidia pale chini asipofika akiinama. Dereva alipiga honi mara kadhaa, kisha akanyamaza, akashuka, akasimama kutusubiri.

Alhamisi, Juni 5

Mvua zimekwisha. Jua limetoka tangu juzi na nguo za mwezi mzima zinakauka.

Jioni hii baba alikuwa mezani, bahasha iko mbele yake, imefunguliwa. Alinisubiri niketi.

"Ile hesabu si ya Miwani," akasema.

"Alisema ni yake."

"Alisema. Na wewe ulikuwa unaangalia viatu vyako. Tangu mdogo, ukivunja kikombe unaangalia viatu." Hakuwa na hasira. Hata uso haukubadilika. "Mimi kugawa sijui kama msimamizi. Niambie wewe. Uliniwekea miaka mingapi?"

Nilitaka kumpiga chenga. Nikashindwa.

"Minne, baba."

"Minne. Na kikohozi hiki?"

"Na kikohozi hicho."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi kicheko kikageuka kikohozi, nikampa maji, akanywa, akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Daktari hakunipa hata nusu yake," akasema.

Sikuelewa mara moja. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia. Ilikuwa mwezi wa pili, kabla mvua hazijaanza. Walimpiga picha ya kifua, wakamwonyesha. Amesema alizoea kusikia mashine inayokaribia kufa, kwa hiyo hakushangaa sana. Amewakataza zahanati wasiniambie.

"Kwa hiyo kampuni imepunjika," akasema, akigonga bahasha kwa kidole. "Wamenilipa miaka nisiyoiishi. Usiwaambie, wasije wakadai chenji."

Nilikuwa nalia kwa sauti, sikujali. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Mwezi wote ule nilikuwa namwoshea vyombo, nashika stuli, namuuliza kama amekwenda zahanati. Kwa nini, baba, mimi ni mwanao.

Alinitazama kwa upole ambao sitausahau.

"Ungeiandika," akasema.

Nimekaa na neno hilo tangu alipokwenda kulala. Nasikia anavyokohoa chumbani. Nimejaribu kulipinga kwa kila njia, na siwezi; kila nilichokijua nilikiingiza kwenye hesabu. Ni kweli. Ningeiandika.